FIGA MOJA HALIINJIKI CHUNGU
Kwa nini nchi ndogo huegemea nchi kubwa



Katika nchi yetu, mtu akitaka kumsuta kiongozi aliyetia saini mkataba wenye hasara, humwita Mangungo. Jina hilo husikika katika midahalo ya siasa, huandikwa magazetini, na watoto wetu hulikuta katika masomo ya historia, nao hucheka. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Msovero, alikotawala Mangungo, iko Kilosa, ndani ya mkoa wetu huu wa Morogoro. Huyu anayechekwa na taifa zima ni jirani yetu.

Katika tafakari ya juma hili tunawaalika tumwangalie jirani huyo kwa jicho la haki, na kwa njia yake tujiulize swali pana zaidi. Kwa nini watawala wa nchi ndogo hufunga urafiki na nchi kubwa, hali wanaujua usemi wa wahenga kwamba mwenye nguvu mpishe? Je, ni upumbavu? Ni tamaa ya zawadi? Au ni jambo ambalo hata sisi tungalilifanya kama tungalikuwa mahali pao?

Adui wa karibu na rafiki wa mbali

Tuanze na mfano ambao waamini wengi wanaujua. Yapata miaka 735 kabla ya kuzaliwa kwa Bwana wetu, Ahazi alikuwa mfalme wa Yuda, nchi ndogo ya milimani. Majirani wawili, mfalme wa Aramu na mfalme wa Israeli, walikuja kuuzingira mji wake wa Yerusalemu. Nabii Isaya alimshauri atulie na asiogope. Lakini Ahazi hakuweza kutulia. Alichukua fedha na dhahabu ya Hekalu akampelekea mfalme wa Ashuru, dola kubwa kuliko zote za wakati ule, ili aje kumwokoa. Habari hizo tunazisoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 16.

Mwashuru alikuja kweli. Aliipiga Damasko, na majirani wale wawili hawakumsumbua tena Ahazi. Tangu siku hiyo, hata hivyo, Yuda ilikuwa mtumishi wa Ashuru, nayo ikalipa kodi. Ahazi alipokwenda Damasko kumwona bwana wake mpya, aliiona madhabahu ya huko, akaagiza ifanyizwe inayofanana nayo na kuwekwa Yerusalemu. Hivyo aliyekuja kulinda ukuta wa mji aliishia kubadili hata madhabahu ndani ya Hekalu.

Tukiutazama mkasa huu vizuri, tunaiona sababu ya kwanza inayoisukuma nchi ndogo kutafuta mkubwa. Mara nyingi nchi ndogo haimpendi mkubwa yule, wala haimfahamu sana. Inachokijua ni jirani anayebisha mlangoni usiku wa leo. Adui wa karibu ana sura na jina, na madhara yake yameonekana. Rafiki wa mbali hajulikani, na madhara yake bado hayajafika. Kati ya hofu iliyopo na hofu itakayokuja, binadamu huikimbia ile iliyopo.

Sababu ya pili ni uhitaji: silaha, mitaji, ufundi, soko la mazao. Sababu ya tatu husahaulika kwa urahisi, nayo ni ya mtawala mwenyewe kuliko ya watu wake. Mtawala mwenye mshindani nyumbani, awe ndugu yake au mkuu wa ukoo mwingine, hutafuta mgeni mwenye nguvu atakayemtambua yeye kuwa ndiye mwenye kiti.

Pwani yetu iliyoegemea ukuta mmoja

Sababu zote hizo tatu tunazikuta katika historia ya pwani yetu. Mwaka 1824 watawala wa Mombasa, ukoo wa Mazrui, walikuwa wakitishwa na Seyyid Said wa Omani. Walimwomba nahodha Mwingereza, William Owen, awape ulinzi, naye akaipandisha bendera ya Uingereza juu ya mji wao. Ahadi ya Owen haikuthibitishwa na serikali yake, na mwaka 1826 Waingereza wakaondoka. Said mwenyewe alikuwa rafiki wa Uingereza wa siku nyingi, maana Omani ilikuwa imefunga mkataba na kampuni ya Waingereza ya India tangu mwaka 1798. Mwaka 1837 Mombasa ikaangukia mikononi mwake. Mazrui walikuwa wameomba ulinzi kwa rafiki wa adui yao.

Said alipofariki mwaka 1856, wanawe waligombana. Majid alibaki Zanzibar, na Thuwaini alibaki Omani. Mwaka 1859 Thuwaini alituma merikebu kuja kuitwaa Zanzibar, na Waingereza wakazirudisha njiani. Mwaka huohuo mdogo wake Majid, Barghash, aliasi akitaka kiti. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Mwaka 1861 mtawala Mwingereza wa India, Bwana Canning, aliamua kwamba Zanzibar na Omani ziwe dola mbili, na Zanzibar iilipe Omani riale 40,000 kila mwaka.

Hivyo kiti cha Majid kiliwekwa imara na mkono wa mgeni. Barghash mwenyewe, alipokirithi kiti hicho mwaka 1870, alikiona jinsi kilivyofungwa. Mwezi Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Zanzibar, ikazivunja merikebu zake na kuing'oa mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1873, Balozi John Kirk alimtaka atie saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, la sivyo kisiwa kingezingirwa na manowari. Barghash alitia saini.

Ndugu wapendwa, kukomeshwa kwa biashara ile ilikuwa heri kubwa, nasi wa Morogoro tunaijua kuliko wengi, maana njia za misafara zilipita katika nchi yetu kuelekea Bagamoyo. Tunamshukuru Mungu kwa heri hiyo. Hata hivyo, siku ile dunia nzima ilijua kwamba Sultani wa Zanzibar hakuwa tena na uwezo wa kusema hapana. Anayelazimishwa jambo jema leo anaweza kulazimishwa jambo baya kesho, kwa manowari zilezile.

Karatasi za mwaka 1884

Mwezi huohuo wa Aprili 1872, mvua na mafuriko yalibomoa mji mwingine, nao ulikuwa hapa petu. Ulikuwa Simbamwene, mji wa ngome uliojengwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru. Henry Morton Stanley alipoupitia mwaka 1871 alikuta ukuta wa mawe, minara pembeni na milango ya mbao, na watu aliowakadiria kuwa kati ya 3,000 na 5,000. Mtawala wakati huo alikuwa mwanamke, binti yake Kisabengo. Stanley aliporudi mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya mji huo ilikuwa imechukuliwa na maji.

Mji ule ulikuwa na nguvu, lakini nchi iliyouzunguka haikuwa na dola moja. Waluguru milimani waliishi kwa koo zao, kila ukoo na ardhi yake na mkuu wake. Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa ajili ya mvua, lakini hakuwa mfalme wa Uluguru nzima. Usagara na Ukami nazo zilikuwa na watawala wengi wadogo. Kutoka kusini Wahehe walikuwa wakivamia Usagara. Kutoka pwani walikuja wafanyabiashara wenye bunduki na bendera ya Sultani, ambaye alidai heshima ya bara lote bila kuwa na askari wa kutosha wa kulilinda. Mtawala wa kijiji chenye boma la miti alizungukwa na wakubwa pande zote.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Karl Peters, kijana Mjerumani wa miaka 28. Alitua Zanzibar mwanzoni mwa Novemba 1884, akavuka kwenda bara pamoja na wenzake wachache, na kabla ya Krismasi alikuwa amerudi pwani akiwa na mikataba zaidi ya kumi kutoka Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami. Mkataba wa Msovero ulitiwa alama tarehe 29 Novemba 1884. Uliitwa mkataba wa urafiki wa milele. Ndani yake Mangungo alitajwa kuwa Sultani, na eti aliitoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Wajerumani cha kutafuta makoloni. Mwishoni paliandikwa kwamba mkalimani alimweleza yote kwa uwazi.

Hebu tuwe waadilifu. Karatasi ile iliandikwa kwa Kijerumani, na walioiandika walikuwa wa upande mmoja tu. Katika desturi za watu wetu, mgeni aliyeomba kukaa alipewa mahali pa kukaa, akaleta zawadi, na pengine wakachanjiana damu kuwa ndugu. Ardhi ilikuwa ya ukoo, ya waliokufa na ya watakaozaliwa, na hapakuwa na mtu mmoja aliyeweza kuiuza, kama vile leo mtu mmoja asivyoweza kuliuza kanisa la parokia. Rafiki mwenye bunduki, anayetoka mbali, asiyekuwa Mhehe wala mtu wa Sultani, alikuwa kitu cha thamani kwa mtawala yeyote aliyeishi kati ya wale wawili. Ukiondoa karatasi, alichokifanya Mangungo ni kilekile alichokifanya Ahazi, na kilekile walichokifanya Mazrui.

Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake. Sultani Barghash alipinga. Aliandika kwa Kaisari kwamba nchi hizo ni zake, kisha akamgeukia rafiki yake wa siku zote, Mwingereza. Lakini mwaka ule Uingereza ilikuwa na matatizo ya Misri na ilikuwa ikigombana na Urusi, hivyo iliuhitaji msaada wa Bismarck huko Ulaya. Balozi Kirk, aliyekuwa amemshauri Barghash miaka yote, aliagizwa amshauri akubali. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri la Sultani, naye akakubali. Mwaka 1886 wakubwa wawili waliketi wakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Mwaka 1890 Uingereza ikaikubali Ujerumani huku bara na kuipa kisiwa cha Heligoland kule Ulaya, na Zanzibar yenyewe ikawekwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Tarehe 27 Agosti 1896 mwana wa Barghash, Khalid, aliyejaribu kukaa kitini bila idhini ya Waingereza, alipigwa mizinga, na vita vile vilikwisha kabla saa moja haijatimia.

Basi tulinganishe. Mangungo hakujua kusoma Kijerumani, lakini Barghash alikuwa na makatibu, mabalozi na washauri, na aliishi Bombay akaijua siasa ya Wazungu kwa karibu. Mmoja tunamwita mjinga, mwingine tunamwita mtawala hodari, na wote wawili waliishia mahali pamoja. Kumbe elimu peke yake haikutosha. Kilichowaangusha wote ni kwamba kila mmoja alikuwa na tegemeo moja tu. Siku tegemeo hilo liliposogea kwa faida yake lenyewe, chungu kilimwagika.

Mafiga matatu

Neno mafiga, ambalo ndilo jina la kata yetu, kila mama wa nyumba analijua. Ni mawe matatu ya kuinjikia chungu. Wahenga walisema: figa moja haliinjiki chungu. Usemi huo tumeuzoea katika mahubiri ya ndoa na ya jumuiya. Tunaamini una maana pia katika siasa ya mataifa, na taifa letu changa lilijifunza maana hiyo kwa uchungu.

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi. Nchi ilikuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Mwalimu Julius Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, watawala wa jana, walete askari wao, na tarehe 25 Januari wakashuka wakayazima maasi. Msaada ule uliiokoa serikali, lakini Mwalimu hakuficha kwamba ulikuwa jambo la aibu kwa nchi huru. Tuangalie alichokifanya baada ya hapo. Hakuwaacha Waingereza wakae na kuota mizizi. Mwezi Februari aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Afrika hapa Dar es Salaam, na kabla ya katikati ya mwaka askari wa Nigeria walikuwa wamechukua nafasi ya Waingereza, hadi jeshi jipya lilipoundwa. Aliomba msaada kwa mkubwa, kisha akatafuta figa jingine upesi.

Mwaka 1965 jambo hilo lilipimwa tena, mara mbili. Ujerumani Magharibi ilikuwa ikitufundishia marubani, na haikutaka tuwe na uhusiano wowote na Ujerumani Mashariki. Serikali yetu iliporuhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki Dar es Salaam, Ujerumani Magharibi iliondoa msaada huo wa kijeshi ili kutubana. Mwalimu akajibu kwamba, kama ni hivyo, misaada mingine ya serikali yao nayo iondolewe. Kazi ya kufundisha marubani ikachukuliwa na Kanada. Mwezi Desemba mwaka huohuo, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao na Uingereza isichukue hatua ya kutosha, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umeahidiwa ulisimamishwa, na uhusiano haukurudi hadi mwaka 1968. Fedha hizo zilikuwa nyingi mno kwa nchi maskini. Shule na zahanati zilizokuwa zijengwe hazikujengwa kwa wakati. Kusema hapana kuna gharama, na gharama hiyo hulipwa na watu wa kawaida. Tusiifiche.

Hata hivyo, nchi iliyoweza kusema hapana iliheshimiwa ilipokaa mezani. Zambia ilihitaji njia ya kufika baharini bila kupitia kwa walowezi wa kusini, nasi tukataka kuisaidia. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilijengwa na Waitaliano na kuanza kazi mwaka 1968. Barabara kuu ya kwenda Zambia ilijengwa kwa msaada wa Marekani na wengine. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilikataliwa na wakubwa wa Magharibi waliosema haina faida. China ikakubali kuijenga kwa mkopo usio na riba, kwa makubaliano yaliyotiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Bomba, barabara na reli, vyote vitatu vinapita katika mkoa wetu wa Morogoro. Kila mmoja wa wakubwa wale alikuwa na nia yake, nasi tulijua. Lakini hakuna hata mmoja aliyekishika chungu peke yake.

Mwenye kutaka kuliona jambo hili kwa macho aende Kidatu. Reli inayopita pale ni ya Wachina, na bwawa la umeme la megawati 204, lililoanza kazi mwaka 1975, lilijengwa kwa fedha za Uswidi na Benki ya Dunia.  Maji ya mto Ruaha Mkuu na udongo wa Kilombero uliwaweka pamoja.

Mafiga hayajazi chungu

Hapa hatuna budi kuonya, ili tusije tukajisifu kupita kiasi. Mafiga hukishika chungu, lakini hayakijazi. Katika miaka ya mwisho ya 1970 bei ya mafuta ilipanda, vita na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilimaliza hazina, na mashirika yetu mengi yalikuwa yakizalisha kidogo kuliko yalivyotumia. Marafiki wengi walikuwepo, lakini ndani ya chungu palikuwa na maji matupu. Mwaka 1986 nchi ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa baada ya kuyakataa kwa miaka kadhaa. Wenye umri kati yenu wanakumbuka foleni za sukari na sabuni. Asiye na unga wake mwenyewe hupikiwa anachotaka mwenye unga.

Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake juu ya maendeleo ya mataifa wa mwaka 1967, aliliona jambo hili mapema. Alifundisha kwamba misaada kati ya nchi mbili itakuwa salama zaidi ikiwekwa ndani ya ushirikiano wa mataifa mengi, ili wapokeaji wasiwe na hofu ya kutawaliwa tena kwa mlango wa nyuma. Akafundisha pia kwamba biashara huria kati ya wasio na nguvu sawa haileti haki yenyewe. Ni mafundisho yanayokaa vizuri katika kata yenye jina la Mafiga.

Mdogo na aliye mdogo zaidi

Kuna jambo moja la mwisho, nalo liko mlangoni petu. Kutoka Mafiga si mbali kufika Mazimbu. Mwaka 1969 wapigania uhuru wa Afrika Kusini walifanya mkutano wao mkuu hapa Morogoro. Mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ardhi Mazimbu, palipokuwa shamba la zamani la mkonge, na mwaka uliofuata shule yao ikaanza. Iliitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Baadaye walipewa ardhi nyingine Dakawa.

Nchi iliyowapokea wakimbizi wale ilijua hatari yake. Makaburu walishambulia Matola nchini Msumbiji mwaka 1981, Maseru mwaka 1982 na Gaborone mwaka 1985. Msumbiji, iliyochoshwa na vita na njaa, ililazimika mwezi Machi 1984 kutia saini mkataba wa Nkomati na serikali ya makaburu, na wapigania uhuru wengi wakaondolewa huko. Tusiihukumu Msumbiji. Ilikuwa na adui mlangoni, kama Ahazi na kama Mangungo. Baadhi ya walioondolewa walifika huku kwetu.

Hapa ndipo tunapoona uhuru wa nchi ndogo unavyopimwa. Mtu akitaka kujua kama nchi ndogo iko huru, asihesabu marafiki wake wakubwa. Atazame kama bado ina nafasi ya kumpokea aliye dhaifu kuliko yenyewe, hata pale mkubwa anapochukia. Mazimbu ilikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Makaburi ya waliofia ugenini yangali pale, nasi tunawaalika mfike mkawaombee.

Maswali ya kupeleka jumuiyani

Siku hizi treni ya umeme hutuchukua kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam. Safari hizo zilianza mwaka 2024, na sehemu hiyo ya reli ilijengwa na kampuni ya Kituruki. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tanzania, Zambia na China zilitia saini Beijing hati ya kuifufua TAZARA. Mikataba itaendelea kuja, ya taifa na ya vijiji, ya bandari, ya madini, ya mashamba ya bonde la Kilombero. Si kila mkataba na mgeni ni usaliti, wala si kila anayetia saini ni Mangungo wa kuchekwa.

Tunapendekeza jumuiya ndogondogo zijadili maswali matatu. La kwanza: katika mkataba huu, ni hofu gani inayotusukuma, na je, hofu hiyo ingali na nguvu hata baada ya kulala usiku mmoja? La pili: je, karatasi imesomwa kwa lugha yetu, mbele ya wote wenye ardhi, pamoja na wanawake na vijana, au imesomwa na mkalimani aliyekuja na mgeni? La tatu: mgeni akiondoka kesho, tuna figa gani jingine, na kuna nini ndani ya chungu?

Maswali haya ni ya serikali, lakini ni yetu pia. Familia inayokopa kwa mtu mmoja tu, kijiji kinachomtegemea mnunuzi mmoja, hata parokia inayomngojea mfadhili mmoja wa ng'ambo ilhali waamini wake hawatoi zaka, zote zimekaa juu ya figa moja. Na watoto wetu watakaporudi shuleni wakicheka jina la Mangungo, tuwaambie kwamba alikuwa mtu wa nchi yetu hii, aliyeogopa kama tunavyoogopa sisi, akatafuta rafiki. Kisha tuwafundishe kusoma karatasi mpaka mstari wa mwisho.